Tamasha Nililolifuta Mimi

Siku hizi nikipita Magogoni watu hunisalimu vizuri tu. Shikamoo mama, mgonjwa anaendeleaje, na mimi nawajibu. Lakini nikishapita najua wanasemezana nini. Ndiye huyo. Ndiye aliyeshika maikrofoni akawafukuza wageni wa watu. Haya, ndiye mimi, sikatai. Ila nimechoka kusimuliwa na watu waliokaa viti vya nyuma, ambao hata uso wa mume wangu hawakuuona. Mimi niliuona, na nitasema mwenyewe.

Mume wangu ni mwalimu wa kwaya. Wapo wanaodhani hiyo ni kazi ya kupunga mikono Jumapili kisha ukanywa chai na mchungaji. Aka! Laiti ingekuwa hivyo. Mchana alikuwa akifundisha shule ya msingi Changamwe, darasa limejaa watoto mpaka mlangoni, na jioni ndipo kazi yake yenyewe ilipoanza. Alikuwa na kwaya tatu. Moja yetu hapa Magogoni, ambayo mimi naimba sauti ya pili, nyingine kule kule Changamwe, na ya tatu Likoni, ng'ambo ya kivuko. Hakuna jioni iliyokuwa yake. Jumapili alianza na ibada ya alfajiri upande huu akamalizia na ya jioni upande ule, na katikati akipigiwa simu kwamba kuna maiti Kaloleni, familia inaomba kwaya. Na mazishi hayangoji. Alikuwa akienda na shati lile lile la asubuhi, limekauka jasho mgongoni likaacha chumvi.

Sasa kazi yenyewe jinsi ilivyo. Wanakwaya wetu si watu wa kusoma muziki. Kuna wapagazi wa soko la Kongowea, kuna mafundi cherehani, kuna kina mama wa mahamri, kuna vijana wa vibarua bandarini. Hao huwezi kuwapa karatasi ya noti wakaisoma. Wimbo unatoka kinywani mwa mwalimu unaingia sikioni mwao, basi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa sauti zote nne. Ya kwanza aliimba kwa kubana koo mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akawapa kina mama. Akaja kwetu sauti ya pili. Kisha ya tatu, kisha ya nne, kidevu amekishusha kifuani akinguruma. Mstari mmoja huo huo mpaka wenye nyumba za jirani na kanisa wakaujua. Akimaliza nasi, kesho yake anauanza upya Changamwe, keshokutwa Likoni. Nyumbani alikuwa anakunywa tangawizi kama maji, na mezani hasemi nami, anagonga meza kwa vidole huku midomo inacheza. Nikimuuliza kitu ananiinulia mkono: ngoja. Nimeishi na mkono huo wa ngoja miaka yote ya ndoa yangu.

Na alikuwa na sheria zake. "Macho kwangu," alikuwa akisema. "Msitazame mkono peke yake, tazameni mdomo. Nikiufungua, fungueni. Nikiukunja, kunjeni. Nikishusha mkono, shusheni sauti. Na wimbo hakatizi mtu ila mimi." Hiyo ya mwisho ilikuwa amri kama zile kumi. Likoni mama mmoja wa sauti ya kwanza alizirai kwa joto katikati ya wimbo. Wenzake wa kushoto na kulia wakamdaka, wakamlaza sakafuni, na huku wanaimba, wakaimba mpaka amina ndipo akatafutiwa maji. Mume wangu alikuwa akilisimulia hilo kwa fahari. Watu walicheka. Mimi nilimwambia nyinyi mna wazimu.

Na kufutiwa, tumefutiwa sana. Sitaki mtu adhani mimi ndiye wa kwanza duniani kufuta tamasha. Kwaresima nzima tulifanya mazoezi ya tamasha la Pasaka. Suti imepigwa pasi, kina mama wameshasuka, tuko njiani, simu inalia: mgeni rasmi amepata udhuru, tumeahirisha. Mara nyingine harusi, kwaya imesimama langoni kwa sare, anakuja mjomba wa bibi harusi anasema ameleta mtu wa kupiga muziki kwa mashine, asanteni kwa kuja, pale kuna soda. Hakuna aliyeomba radhi, hata siku moja. Wakubwa wakifuta, huitwa udhuru. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani anaitundika suti, anakaa ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi. "Basi tena," anasema. "Tutaimba siku nyingine." Kesho yake yuko mazoezini. Lakini ilikuwa inamla, najua mimi niliyelala naye.

Kilichomla zaidi ni wimbo mmoja. Aliutunga mwenyewe, kwa miaka, kipande kwa kipande. Ulikuwa wimbo mrefu wenye ngoma za bibi zetu ndani yake, ngoma zile za Kigiriama, na juu yake sauti nne zinapishana kama watu sokoni. Kwaya moja haiutoshi. Ulihitaji zote tatu zisimame pamoja, mahali penye dari refu. Mara mbili ulipangwa na mara mbili ukavunjwa, mara ya kwanza kwa msiba wa mkubwa mmoja, mara ya pili ukumbi ulichukuliwa na wanasiasa tukiambiwa siku moja kabla. Hii ya tatu ilikuwa iwe Nyali, ukumbi wenye viti vya kitambaa, wageni wametoka mpaka bara. Alikuwa amekonda kwa ajili ya siku hiyo. Kwaya zote tatu alizifundisha mwenyewe, kila moja peke yake, na namna zote zitakavyoungana zilikuwa kichwani mwake tu. Nilimwambia mara nyingi, andika basi, au mfundishe mtu wa pili. Alisema, nikishaimba mara moja ukakamilika, nitaandika.

Presha alikuwa nayo. Zahanati walimwambia apumzike na wakampa vidonge, na vile vidonge vikamfanya aende haja ndogo kila mara. Mwalimu wa kwaya hawezi kuwaacha watu mdomo wazi akaenda msalani. Basi akawa havimezi siku za mazoezi. Na siku za mazoezi zilikuwa siku zote. Nilipomgundua tuligombana mpaka jirani akabisha hodi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa hata hayafichi, alikuwa anayaambia yangoje, kama alivyokuwa akiniambia mimi.

Jumamosi hiyo asubuhi alimwaga chai. Kikombe kilimponyoka tu. Akasema kilikuwa cha moto. Nikamuona anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, na yeye si mtu wa kushoto.

"Mkono una nini, Mwalimu?" Mimi pia nilikuwa namwita Mwalimu, kama watu wote.

"Nimeulalia vibaya."

"Twende zahanati kwanza. Tutafika ukumbini bado mapema."

"Mama, nakuomba," akasema. "Leo usiniletee neno. Kesho nipeleke utakako, hata ukitaka unilaze huko huko."

Nilimjua. Ningejilaza mlangoni angeniruka. Nikavaa sare yangu, tukaenda.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa saa nane mchana, na tamasha lenyewe saa kumi. Kwaya zote tatu zilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza pamoja, na jamani, sitasema uongo, alipoinua mikono na ule wimbo ukaanza, nywele zilinisimama. Niliuelewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nausikia kwa vipande, kupitia meza na vidole, sasa nikauona mzima. Nikamtazama nikasema moyoni, kumbe ndicho alichokuwa anakiona huyu. Nikamsamehe mengi hapo.

Tulipofika kipande cha tatu mdomo wake ukaenda upande. Upande wa kulia ulishuka, kama mtu aliyefungwa uzi kwenye pembe ya mdomo akavutwa. Na kina mama wa sauti ya kwanza, waliokuwa mbele, wakapinda midomo vilevile. Wote! Walidhani anawaonyesha namna ya kuitamka ile "o". Safu ya pili ikawafuata. Nikaona midomo inapinda safu kwa safu, watu wazima, wanamtolea macho kwa utiifu, na sauti ikabadilika ikawa nzito ya ajabu. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kushuka. Wao wakashusha sauti. Ukashuka zaidi, wakashusha zaidi, wakawa wananong'ona, ngoma nazo zikifuata, na yeye anautazama mkono wake mwenyewe kama mkono wa mtu mwingine. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kimeharibika. Walikuwa wanaimba vizuri. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo, kwamba walikuwa wanaimba vizuri sana.

Mimi mamangu mzazi alipooza. Mdomo ule naujua.

"Nyamazeni!" nilipiga kelele. "Nyamazeni nyote!"

Hawakunyamaza. Waligeuka wakanitazama kwa hasira, kwamba nakatiza wimbo, na huku bado wananong'ona ile sauti. Nikashuka nikiwasukuma. Nilipomfikia ndipo alipokaa chini, taratibu, kama mtu anayetafuta kigoda.

Mwenyekiti wa kamati yetu ni mtu mwema. Mstaafu wa bandari, mtaratibu, kila msiba yuko mbele. Sijasema wala sitasema kwamba ni mtu mbaya. Alimletea kiti, akamletea soda. "Ni uchovu," akasema. "Sukari imeshuka. Hajala tangu asubuhi." Kina mama wakamzunguka wakamwekea mikono kichwani wakaanza kuomba kwa sauti, na soda ikawa inamchuruzika kidevuni ikiingia kwenye shati.

"Hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Taratibu, mama," mwenyekiti akasema. "Tumwombee apumzike kidogo. Watu wako njiani, wengine wameshaingia. Tukimtoa yeye, tamasha limekufa. Nani mwingine atatupa sauti?"

Na ilikuwa kweli. Hapakuwa na mwingine. Walimu wasaidizi watatu, mmoja wa kila kwaya, walitazamana, kila mmoja anakijua kipande cha kwaya yake, hakuna anayejua zinaungana wapi.

"Akae tu kwenye kiti," mwanakamati mwingine akasema. "Asisimame. Atupe sauti za kuanzia kwa mdomo, basi, mengine tutajua wenyewe."

Nikamgeukia mume wangu aseme hapana. Naye, na uso ule uliopinda, akatikisa kichwa kukubali. Akanyoosha ule mkono uliobaki mzima, akaniinulia. Ngoja.

Haki ya Mungu, sijawahi kukasirika vile. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa dakika ile nilimchukia, na kwaya zake tatu, na wimbo wake. Lakini hasira ilinifungua akili pia. Niliona kwamba maadamu tamasha lipo, yeye haondoki, na wao hawatamwachia. Nikiendelea kubishana pale tutabishana mpaka saa kumi. La kufanya ni moja, tamasha lisiwepo.

Nikapanda jukwaani nikashika maikrofoni. Viti vya mbele vilikuwa vimeshajaa, watu wamevaa wakavalika.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema. "Tamasha hakuna. Limefutwa. Mwalimu ni mgonjwa, anakwenda hospitali. Nawaomba mrudi makwenu."

Kukawa na minong'ono. Bwana mmoja wa mstari wa mbele akasimama na suti yake. "Limefutwa kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Wewe ni nani katika kamati?"

"Katika kamati mimi si mtu. Mimi ni mke wake."

Mtu akacheka huko nyuma. Mwenyekiti akaja mbio, akaninyang'anya maikrofoni kwa adabu, akaanza, "Ndugu wageni, msiondoke, tafadhali, ni jambo dogo tu la..." Nikaufuata waya mpaka ukutani nikaung'oa. Mdomo wake ukaendelea kucheza bila sauti. Nadhani hapo ndipo watu walipoamini.

Jirani yetu mwenye duka, mzee wa Kiislamu wa ukoo wa zamani wa hapa mjini, ndiye aliyekuwa ametuletea ngoma kwa pikapu yake. Alikuwa amekaa mlangoni anangoja kutusikiliza. Akaja pole pole akasimama kando yangu. "Mamangu," akasema, "gari i tayari. Na atiwe garini kwanza, maneno yatakuja baadaye, yapo tu." Wapagazi wawili wa sauti ya nne wakatazamana, kisha wakaja wakambeba mume wangu kama wanavyobeba magunia kila siku, ila kwa upole. Hao Mungu awaweke.

Lakini hakukubali. Tulipofika mlangoni, kwa ule mkono mmoja, alishika mwimo wa mlango. Aliushika kwelikweli, huku anatoa sauti isiyo neno. Kwaya nzima inatazama, wengine wanalia, wengine wananiambia mwache mama, mwache, huoni hataki? Nikamfungua vidole kimoja kimoja. Kidole cha mwisho nilidhani nitakivunja.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Akasema pia, bila kuzungusha maneno, kwamba jua lingetuchwea tukiwa bado ukumbini tungemleta maiti. Nilimshukuru. Nilikaa kwenye benchi na sare yangu ya kwaya, kola nyeupe na kila kitu, nikalia mpaka mgeni mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake akanipa leso yake.

Alirudi nyumbani upande wa kulia umekufa na maneno yamekwenda. Akili ilikuwapo, ungeiona machoni, ila ulimi haukuitika. Siku ile nzima ilionekana imempotea, nadhani alikumbuka kufunga vifungo, basi. Kwa kuwa hakuweza kuuliza, nami sikumweleza. Niliona anajua tu kwamba tamasha halikuwa, na alidhani, kama siku zote, ni wakubwa wamepata udhuru. Nikaona heri adhani hivyo.

Kwaya zilikuja. Kwanza zilikuja kulia, na chapati na ndizi na maombi. Halafu zikaja kuuliza. Mwalimu msaidizi wa Likoni alikuja na simu ya kurekodi akamwekea mdomoni: jaribu, Mwalimu, kile kipande cha tatu, sauti ya tatu inaingia wapi? Mume wangu akajaribu. Alijaribu mpaka shingo ikasimama, mate yanamtoka, na kilichotoka hakikuwa wimbo wala neno. Nilimtoa yule bwana na simu yake. Hawajaja tena na simu. Likoni wamepata mwalimu mwingine, Changamwe nako kuna mmoja yuaja, nasikia. Ule wimbo hakuna anayeuimba, hakuna anayeujua mzima. Umo humu ndani, kwenye kitanda hiki, na hautoki.

Kisha akaja mwenyekiti na mfuko wa machungwa. Alikaa, akamshika mkono, macho yakamlenga machozi, na nadhani alitaka tu kumfariji.

"Tungeimba, Mwalimu," akamwambia. "Tulikuwa tayari. Ukumbi ulijaa. Ni vile mama alilifuta."

Nilimsindikiza mpaka nje kama desturi, nikamwambia asante kwa machungwa. Niliporudi mume wangu alikuwa ananitazama. Nikakaa na bakuli la uji.

"We-we?" akasema. Alikuwa ameanza kupata neno moja moja wakati huo.

"Mimi," nikasema.

Nilisikia watoto wa jirani wakicheza nje, na mtu anapita akitangaza samaki. Midomo yake ilihangaika muda mrefu.

"Mbona?"

"Ili uwe hai wa kuniuliza," nikamwambia. Nilikuwa nimeliweka jibu hilo tangu siku ile ya benchi, na nilidhani litatosha.

Akaushika ule mkono wake mfu kwa mkono mzima, akauinua kutoka kwenye shuka, akauachia. Ukaanguka kitandani.

"Hai," akasema. "Hi-vi?"

Uji ulikuwa unapoa mkononi mwangu na machozi yananitoka kwa hasira na kwa kumpenda, sijui kipi kilizidi.

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Hivyo hivyo nakutaka."

Akageuza uso ukutani. Mpaka leo hajanijibu.